Mgeni Huwa Mwenyeji Lini? Wapemba, Wamakonde, wabara na macho yetu ya Malindi na Kilifi

Julai 2023 Rais William Ruto alifika Kilifi akawakabidhi Wapemba vitambulisho vya Kenya. Miezi sita kabla ya hapo, Januari, serikali ilikuwa imetangaza rasmi kwamba Wapemba ni mojawapo ya jamii za nchi hii. Waliotajwa ni takriban watu 7,000, wakaazi wa Kilifi, Kwale na sehemu nyingine za mwambao.

Fikiria kijana wa Mayungu ambaye yeye na babake wote wamezaliwa papo hapo Mayungu. Mwaka 2022 kwa serikali alikuwa mgeni. Mwaka 2023 akawa Mkenya. Yeye mwenyewe hakubadilika kitu: Kiswahili chake ni kile kile, msikiti anaoswali ni ule ule, na chombo anachotokea baharini ni kile kile. Waliobadilika ni wale waliokuwa wakimwangalia.

Nimeandika makala haya kueleza jinsi macho hayo yanavyobadilika hapa kwetu, kati ya Mto Sabaki na Mtwapa, na kwa nini. Tuna methali mbili juu ya mgeni na zote ni zetu. Moja yasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyingine yasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tangu zamani tumekuwa tukizitumia kwa zamu, na ukifuatilia historia utaona zamu hizo zina sababu zake.

Wote walikuja, kila mtu kwa wakati wake

Tuanze na wale ambao leo hakuna anayewaita wageni.

Mwaka 1498 Vasco da Gama alipokelewa vizuri Malindi baada ya kuondoka Mombasa kwa uhasama, na akapewa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Malindi ule ulikuwa mji tajiri wenye uhusiano wa mbali, maana hata twiga wake alifikishwa kwa mfalme wa China mwaka 1415. Lakini Wareno walipoiteka Mombasa na kuanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, mtawala wa Malindi alihamia huko pamoja na watu wake. Malindi ikapungua, ikachakaa, mwishowe ikawa mahame. Mji tunaoujua leo ulifufuliwa katika miaka ya 1860, wakati wa Sultani Majid wa Unguja. Wakaja Waarabu, Waswahili wa Lamu na Pate, Wabajuni na Washihiri. Nyingi ya familia tunazoziita za kale mjini Malindi zilianzia hapo.

Takaungu nayo ni mji wa wakimbizi. Baada ya Sayyid Said kuwaangusha Mazrui Mombasa mwaka 1837, baadhi yao walikimbilia Gazi, kusini, na wengine wakaja Takaungu. Leo ukitaja Takaungu umetaja Mazrui, na hakuna anayewauliza walikuja lini.

Nenda Mombasa ukaangalie majina ya Thenashara Taifa. Ndani ya Tisa Taifa mna Wakilifi na Wamtwapa. Majina hayo yanatangaza walikotoka watu hao. Walihama huku kwetu wakaenda kuwa wageni Mombasa, na leo ni wenyeji wa Mombasa kuliko wengi.

Mijikenda nao wana simulizi yao ya safari. Wazee husimulia kutoka Shungwaya, kaskazini, na kuteremka hadi kwenye makaya. Wanahistoria wanabishana ni wangapi hasa walitoka huko na lini, lakini simulizi yenyewe inatosha kwa hoja yangu: watu wanaohesabiwa kuwa wenyeji wa kwanza wa kaunti hii wanajitambulisha kwa habari ya kuhama. Makaya hayo yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008.

Kwa hivyo urefu wa miaka peke yake hautoshi kumfanya mtu mwenyeji. Lazima kuna mambo mengine.

Walioletwa bila kutaka

Malindi ya miaka ya 1860 ilipata utajiri wake kwa mtama na ufuta, na mashamba hayo yalilimwa na watumwa, wengi wao wakitoka upande wa Ziwa Nyasa. Walikuwa wahamiaji wasioomba kuhama. Waliotoroka waliitwa watoro, wakajenga vijiji vyao bara ya pwani yetu: Fuladoyo, Makongeni, Jilore. Wengine walikimbilia misheni ya Rabai.

Wamiliki waliwadai watu wao. Wamishenari wakawa na mzozo mkubwa mikononi, mpaka Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipowalipa wamiliki fidia. Mwaka 1889 watoro zaidi ya elfu moja wakapewa karatasi za uhuru pale Rabai. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria mwaka 1907.

Tazama hapo kazi ya karatasi. Jana yake mtu alikuwa mali iliyopotea. Kesho yake alikuwa mkaazi. Vizazi vyao leo ni watu wa Kilifi kama mtu mwingine yeyote. Lakini tusijidanganye. Mpaka leo kuna nyumba ambazo, akija mtu kuposa, mzee wa pembeni atauliza kwa sauti ya chini babu wa kijana huyo alikuwa nani na wa nani. Sheria ilibadilika mwaka 1907, ila baraza zetu zilichukua muda mrefu zaidi, na nyingine bado hazijafika.

Mwenyeji alipogeuzwa mgeni

Karatasi hufanya kazi upande wa pili pia. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hatimiliki za ardhi za mwambao. Waliokuwa na uwezo wa kufika mbele ya afisa wakiwa na hati au mashahidi waliandikishiwa ardhi. Mijikenda waliolima bila hati waliachwa nje. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali, na mtu aliyezaliwa hapo akaitwa skwota.

Mwaka 1914 Wagiriama waliamriwa waondoke ukingo wa kaskazini wa Sabaki, ambako walikuwa wakivuna vizuri, kwa sababu serikali iliwataka karibu na mashamba ya Wazungu yaliyohitaji vibarua. Mekatilili wa Menza alikwisha kuwaapisha watu wasikubali. Kaya ya Wagiriama ililipuliwa kwa baruti, nyumba zikachomwa, na jamii nzima ikatozwa faini. Mekatilili alipelekwa uhamishoni hadi Kisii, akatoroka, akarudi kwa miguu.

Watu hawa walitendewa kama wavamizi kwenye ardhi waliyoilima wenyewe. Jeraha hilo halijapona. Anayetaka kuelewa kwa nini mtu wa Kilifi hushtuka kila asikiapo kwamba wageni wanagawiwa ardhi, aanze hapo. Hasira hiyo ina chanzo. Tatizo ni kwamba mara nyingi humwangukia mtu ambaye siye aliyetunga sheria ile.

Wapemba: kutoka fundi hadi mlaumiwa

Sasa turudi kwa Wapemba.

Kabla ya mwaka 1963 mvuvi wa Pemba aliyepandisha tanga hadi Malindi hakuwa amevuka mpaka kwa jinsi tunavyouelewa leo. Mwambao wa maili 10 ulikuwa chini ya bendera ya Sultani wa Zanzibar, ingawa ulitawaliwa na Waingereza. Wavuvi hao walifika kabla ya kaskazi kushika, wakavua bahari ikiwa shwari, kisha wakarudi kwao na upepo uo huo. Safari hiyo ndiyo tuitayo dago. Baadhi yao hawakurudi. Walioa, wakajenga, wakazaa.

Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walikubaliana kwamba mwambao uwe sehemu ya Kenya. Shamte mwenyewe alikuwa Mpemba. Tarehe 12 Desemba Kenya ikapata uhuru, na mvuvi aliyelala Malindi akiwa raia wa Sultani aliamka katika nchi nyingine bila kutoka kitandani. Mwezi mmoja kamili baadaye, tarehe 12 Januari 1964, yakatokea Mapinduzi ya Zanzibar, na wengine wakakimbilia huku. Miaka mingi baadaye, Januari 2001, polisi walipowapiga risasi waandamanaji Pemba kufuatia uchaguzi uliobishaniwa, zaidi ya watu 2,000 walivuka hadi Shimoni.

Sikulia mbali na bahari, na ninakumbuka jinsi watu wazima walivyolitaja neno Mpemba. Kwanza lilikuwa jina la ufundi. Mpemba ndiye aliyejua kwenda kilindini, kusoma nyota, kutega jarife la papa na kukaa nje siku kadhaa bila kuona nchi. Vijana wetu waliozoea kuvua ndani ya mwamba kwa dema na mshipi walijifunza kwao. Mama waliouza papa wa chumvi na ng'onda sokoni waliwangoja kwa hamu. Huo ulikuwa wakati wa mgeni njoo.

Kisha neno likageuka. Halikugeuka siku moja wala kwa sababu moja.

Mwaka 1968 zilianzishwa hifadhi za bahari za Malindi na Watamu. Zimesaidia samaki na matumbawe na zikaleta watalii, lakini zilifunga sehemu ambazo wavuvi wetu walikuwa wakivua. Idadi ya wavuvi ikaendelea kukua huku sehemu ya kuvulia ikipungua. Mwaka 2001 serikali ilipiga marufuku juya na bunduki za mkuki. Zikaja ringineti, nyavu kubwa za kuzungushia kundi zima la samaki, zinazohitaji chombo cha mashine na watu wengi. Mara nyingi mabaharia wake walikuwa watu wa dago kutoka upande wa Tanzania. Waliovua kwa mtumbwi waliona mzigo wa siku nyingi unabebwa usiku mmoja na watu wasiowajua.

Malalamiko hayo hayakuwa ya uongo. Nyavu zile zilizua ugomvi wa kweli Kilifi na Kwale, na mvuvi mdogo alikuwa na haki ya kuuliza nani anawapa ruhusa. Lakini angalia lawama ilivyotembea. Mwenye nyavu na mashine mara nyingi alikuwa tajiri wa hapa hapa. Aliyetia saini ruhusa alikuwa mtu wa hapa hapa. Aliyelaumiwa ni Mpemba. Na lawama ya mtu wa dago aliyekuja msimu mmoja ikamwangukia pia jirani wa Mayungu aliyezaliwa papo hapo, kwa sababu tu wana jina moja.

Kuishi bila kipande

Pwani bado kuna watu wanaokiita kitambulisho kipande. Neno hilo ni la enzi ya ukoloni. Kuanzia mwaka 1919 mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande popote aendapo ili Mzungu ajue ametoka wapi na anafanya kazi kwa nani. Babu zetu walikichukia. Nusu karne baadaye wajukuu wa wavuvi walikuwa wakikililia.

Mtu asiye na kitambulisho Kenya hawezi kuandikisha laini ya simu kwa jina lake, kwa hiyo hana M-Pesa yake. Hafungui akaunti benki. Hapigi kura. Hanunui shamba. Mtoto wake akikosa cheti cha kuzaliwa, hupata taabu ya kuandikishwa mtihani. Kwa mvuvi kuna zaidi: leseni na chombo huandikwa kwa jina la mtu mwenye kitambulisho. Wapemba wengi waliandikisha vyombo vyao kwa majina ya jirani au shemeji, na shemeji akikasirika chombo kimekwenda. Polisi wakija bandarini kuna wa kukimbia na wa kutoa kitu kidogo.

Hali hii ilizaa jambo jingine la kusikitisha. Mtu anayejificha huonekana ana la kuficha. Kwa kuwa Mpemba hakuhudhuria mikutano ya chifu, tulisema hatangamani. Kwa kuwa hakuwa na anwani, tulisema hana kwao. Tulimhukumu kwa alama za ukosefu ambao hakuuleta yeye.

Mwaka 2011 Kenya ilitunga Sheria ya Uraia na Uhamiaji. Iliwapa watu wasio na taifa lolote, waliokuwa wakiishi nchini mfululizo tangu 12 Desemba 1963, na vizazi vyao, nafasi ya kuomba kuandikishwa. Nafasi hiyo iliwekewa muda, muda ukaongezwa, ukaisha mwaka 2019. Kwa kipimo hicho, aliyekimbia Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 alikuwa amechelewa mwezi mmoja.

Wamakonde walivyofungua njia

Waliovunja ukuta ni Wamakonde. Hawa walitoka Msumbiji, wengi wakaletwa kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na ya miwa ya Ramisi, na wengine wakaja wakati wa vita vya ukombozi kwao. Baada ya uhuru walibaki bila nchi.

Oktoba 2016, wakisaidiwa na mashirika ya haki za binadamu, mamia yao walifunga safari kutoka Kwale kwa miguu na kwa basi hadi Nairobi kuonana na Rais Uhuru Kenyatta. Rais akaagiza waandikishwe kabla ya mwaka kwisha. Mapema mwaka 2017 wakapewa vitambulisho na kutajwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Desemba 2020 wakafuata Washona, ambao wazee wao walikuja kutoka Zimbabwe kama wahubiri. Wapemba wakajifunza. Waliunda kamati, wakakusanya majina, wakapeleka ombi lao Bungeni, na majirani Wakenya wakasimama nao kama mashahidi kwamba watu hawa wanajulikana.

Hilo la mwisho ni muhimu sana. Kabla ya karatasi kutoka Nairobi, ilibidi jirani aseme namjua huyu.

Wabajuni: raia anayeulizwa tena na tena

Wapo pia wenye karatasi wasioaminiwa. Wakati wa vita vya shifta, kati ya mwaka 1963 na 1967, Wabajuni wa bara ya Lamu walivihama vijiji vyao wakaja Malindi na Mombasa. Walikuwa Wakenya waliohama ndani ya nchi yao. Somalia ilipovunjika mwaka 1991 wakaja wengine kutoka Kismayu na visiwa vyake, wakiwa wakimbizi. Walipokelewa katika makambi ya pwani, kisha makambi hayo yakafungwa na wakatakiwa kwenda Dadaab na Kakuma.

Kwa kuwa Mbajuni wa Faza na Mbajuni wa Kismayu wana lugha na sura moja, yule wa Faza alianza kuulizwa maswali ambayo mwanafunzi mwenzake wa kabila jingine haulizwi: cheti cha babu kiko wapi, nani anamjua. Kijana anaweza kumaliza kidato cha nne Malindi akakaa miaka akingoja kitambulisho. Hapa karatasi ipo kisheria, lakini macho ya afisa hayajaikubali.

Wabara na kalenda ya uchaguzi

Malindi kuna mtaa unaitwa Kisumu Ndogo. Jina peke yake linasema walikotoka waliouanzisha. Walimu wetu, wauguzi, wauza mboga, mafundi wa magari na wanyapara wa hoteli wengi wametoka bara. Kwa siku za kawaida mtu wa Kilifi na mtu wa bara hugombania mambo ya kawaida, kama kodi ya nyumba na kelele za usiku.

Siku zisizo za kawaida zina tarehe zake. Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, wabara wakasakwa, watu zaidi ya 100 wakauawa na makumi ya maelfu wakahama. Hofu ilisambaa mwambao mzima. Tume ya Jaji Akiwumi ilipochunguza vita vya kikabila nchini ilionyesha mkono wa wanasiasa. Miaka kumi baadaye ukaja uchaguzi wa 2007 na ghasia zake. Baadaye tukasikia wito wa Pwani si Kenya.

Madai ya ardhi na ajira yalikuwepo mwaka 1993 na mwaka 1995 vile vile. Kilichoongezeka mwaka 1997 ni mtu mwenye faida ya kuyawasha. Kwa hiyo msomaji akisikia ghafla mazungumzo juu ya wageni yamepamba moto, atazame kwanza kalenda.

Mtaliano haitwi mhamiaji

Katika miaka ya 1960 Waitaliano walijenga kituo cha kurusha roketi Ngomeni, mradi wa San Marco. Setilaiti ya kwanza iliruka hapo mwaka 1967, na ile iliyoitwa Uhuru ikaruka tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe zetu za uhuru. Baada ya wahandisi wakaja watalii, baada ya watalii wakaja waliojenga, na Malindi ikaitwa Italia Ndogo. Leo kuna vijana waliojifunza Kitaliano ufuoni bila kukaa darasani hata siku moja.

Wapo waliolalamika juu yao: njia za kwenda baharini zilizozibwa na kuta, viwanja vya ufuoni vilivyonunuliwa, na mwenendo mbaya kwa watoto wetu. Lakini hakuna siku niliyosikia Mtaliano akiitwa mhamiaji. Anaitwa mtalii, mwekezaji, mzee wa villa. Wengine wameishi hapa miaka 30. Mpemba aliyezaliwa hapa ndiye aliyekuwa mhamiaji. Kumbe jina tunalompa mtu hufuata mfuko wake kuliko safari yake.

Na Italia yenyewe ina historia. Kati ya miaka ya 1870 na 1970 zaidi ya Waitaliano milioni 25 walihama kwenda Marekani, Argentina, Brazil na nchi za Ulaya, na huko walidharauliwa kwa lugha na dini yao. Leo nchi hiyo hiyo inabishana vikali juu ya Waafrika wanaofika kwa mashua.

Uingereza nayo ina somo linalofanana na letu. Meli ya Empire Windrush iliwaleta watu wa Karibea mwaka 1948, wakati nchi ilikuwa na kiu ya wafanyakazi. Walikuwa raia wa himaya, kama Mpemba wa Malindi alivyokuwa raia wa Sultani. Mwaka 2018 iligunduliwa kwamba wazee walioingia wakiwa watoto walinyimwa kazi, matibabu, na wengine kufukuzwa nchini, kwa sababu hawakuwa na karatasi za kuthibitisha walivyoingia. Waziri wa Mambo ya Ndani alijiuzulu. Miaka 70 ya kodi na kazi haikuwalinda watu wale pale upepo ulipogeuka.

Nini hasa hubadilisha macho?

Nikiyaweka haya yote pamoja naona mambo manne.

La kwanza ni tonge. Bahari ikitosha, Mpemba ni fundi. Bahari ikibana, ni mwizi wa samaki. Ardhi ikitosha, mbara ni mteja. Ikibana, ni mvamizi. Mgeni hajabadilika, sahani ndiyo imepungua, na mara nyingi aliyeipunguza hayumo mezani.

La pili ni kuozana na kuzikana. Watu waliobeba jeneza moja na kula pilau ya harusi moja hupata taabu kuitana wageni. Mayungu mioyo ilitangulia, na serikali ikafuata baadaye sana.

La tatu ni siasa. Kuna misimu ambapo kumtaja mgeni kunalipa kura.

La nne ni karatasi. Mambo matatu ya kwanza hupanda na kushuka. Samaki huja na kupotea, ndoa huvunjika, uchaguzi hurudi kila miaka mitano. Karatasi hubaki. Haimfanyi mtu apendwe, lakini humlinda siku ambayo hapendwi. Ndiyo sababu nasema kitambulisho cha Mpemba kina maana kubwa kuliko hotuba zote za undugu, na ndiyo sababu kukosekana kwa hati ya ardhi kumemuumiza Mgiriama kuliko tusi lolote.

Yaliyobaki

Mwaka 2023 haukumaliza kazi. Waliokuwa baharini au waliopitwa na hesabu bado wana maswali, na watoto wao wanahitaji vyeti vya kuzaliwa mapema, kabla ya kufika darasa la mtihani. Chombo kilichoandikwa kwa jina la shemeji kinafaa kuhamishiwa jina la mwenyewe sasa, wakati wote wangali hai na wanapatana. Kamati za fukwe, BMU, ziangalie daftari zao: mvuvi mkaazi mwenye kitambulisho ana haki ya kuwa mwanachama, na mtu wa dago ana taratibu zake tofauti. Kuwachanganya wawili hao ndiko kulikotuletea ugomvi.

Kwa Mijikenda wanaoishi kama maskwota, furaha ya Mpemba isiwe uchungu. Kitambulisho hakikumpa mtu shamba la mtu. Swali la ardhi ya 1908 linadaiwa kwa serikali, wala halidaiwi kwa mvuvi wa Mayungu.

Na tukumbuke wa kwetu walioko nje. Wasichana wa Kaloleni, Ganze na Magarini wanafanya kazi za nyumbani Saudia. Vijana wa Malindi na Watamu wako Qatar, Dubai na Italia. Huko wao ndio wageni, na pasipoti zao mara nyingine ziko kabatini kwa mwajiri. Kila familia hapa sasa ina mtu anayeombewa akutane na jirani mwema huko aliko.

Mwenye mzee nyumbani anayekumbuka dago za zamani, majina ya vyombo na nani alimpokea nani, amwandike sasa. Kamati ya Wapemba ilipotakiwa kuthibitisha kwamba watu wao ni wa hapa, kumbukumbu za aina hiyo ndizo zilizotafutwa, na wengi waliozijua walikuwa wameshazikwa.